Maji ya Kula, Kutoka Temeke Hadi Madale

Ndugu zangu wa ofisini, na wewe jirani yangu wa ukuta kwa ukuta uliyesikia kila kitu na bado ukauliza, mmeniandama vya kutosha. Kila nikifungua kitambaa changu saa nne, mkaona tango badala ya biskuti, mnakonyezana. Mnataka kujua yaliyonipata Madale. Basi nayaandika mara moja tu, msome kwa zamu, kisha mniache nifanye kazi ya serikali.

Temeke hadi Vingunguti

Mwanzo wa mambo mnaujua nusu. Mnajua kwamba Januari hii joto lilimtoa nyoka pangoni, kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na maneno matamu. Mnajua pia kwamba mimi ndiye niliyepiga taipu lile tangazo la bwana mkubwa wetu Mwingereza kuhusu afya wakati wa joto. Tangazo lilisema watu wanywe maji yaliyochemshwa, tena mengi, na matunda yaoshwe kabla ya kuliwa. Nililipiga nakala nyingi, na kufikia nakala ya mwisho nilikuwa nimekwisha kuwa daktari.

Nyumbani nikapiga marufuku. Tango, marufuku. Papai, marufuku. Mchicha, marufuku. Tangazo halikusema hivyo, lakini kuosha ni kazi, kukataza ni rahisi. Mke wangu Mwanaidi, Mzaramo wa Madale, akawa anakula vitu vyake jikoni kimya kimya, nami nakula biskuti na samaki wa kopo sebuleni, nikiteremsha kwa chai kali. Kichwa kiliniuma kila siku adhuhuri, na kila siku nilimlaumu mtu mwingine.

Msichokijua ni habari ya tikiti. Mama mkwe wangu alitujia kutoka Madale na tikiti maji la shambani kwake, kubwa la kumshinda mtu kulikumbatia. Nilirudi kazini nikalikuta limewekwa katikati ya mkeka, halijakatwa, limefunikwa kitambaa. Mwanaidi akasema, "Mama amekuletea." Mimi nikatazama vumbi lililoganda kwenye ganda lake, nikasema kitu kilichotembezwa siku mbili juani ni maradhi matupu. Nikalibeba zima zima, nikatoka nalo uani, nikalibwaga kwa mbuzi wa jirani. Lilipasuka. Mbuzi walishukuru sana. Mama mkwe alikuwa chumbani, nikadhani amelala.

Kesho yake niliporudi kazini nyumba ilikuwa tupu. Mke hayupo, mama yake hayupo, na sufuria ya maji yangu ya kuchemsha imefunikwa vizuri jikoni. Nilikaa juma zima nikijiambia atarudi mwenyewe. Nyumba isiyo na Mwanaidi ni kitu kibaya, na siwezi kukipamba. Nilikuwa namwita jina lake kwa mazoea, kisha nakumbuka.

Halafu ukaja ujumbe wa baba mkwe, umeletwa na mchuuzi wa mkaa, naye akautangaza mlangoni kwa sauti ya muadhini: "Mzee Salum anasema, Jumamosi jua likifika utosini hujatokea na mshenga wako, usijisumbue tena. Atakwenda kwa liwali kumdaia mwanawe talaka."

Kwa mila za kule, mume hamfuati peke yake mke aliyerudi kwao kama anayefuata kuku aliyepotea. Sharti aende na mshenga aliyemposea. Mshenga wangu, Mzee Mfaume, anakaa Kinyerezi. Ndiyo maana safari ambayo ingeweza kwenda moja kwa moja ilianza kwa kuzunguka, na kwa kuwa njia hiyo haina basi, nilikwenda kwa miguu.

Niliomba ruhusa, nikaondoka Alhamisi alfajiri. Nilibeba chupa mbili za maji yaliyochemshwa, biskuti, na ng'onda, yaani samaki mkavu aliyekolea chumvi. Nilijiona nimejiandaa kisayansi.

Vingunguti nilifika jua limeshapanda. Kando ya njia palikuwa na wanawake watatu wa Kizaramo wanalima. Mmoja akanitazama mwendo, akanitazama uso, akauliza mimi ni mtu wa wapi. Nikafanya kosa la kusema kweli: Mnyamwezi wa Tabora.

Sijui kama nyote mnajua maana yake. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani akikunyang'anya kitu huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umeshindwa, na habari itafika kabla yako kila uendako.

"Mnyamwezi mbona mzigo wako mdogo?" akasema yule mama. "Babu zako walibeba pembe za ndovu hapa hapa."

"Wamebaki wajukuu wa kubeba kalamu," nikajibu.

"Lete tukupunguzie, usije ukavunjika." Akachukua chupa zote mbili. Akainua moja juani. "Haya maji yana nini?"

"Yamechemshwa."

"Yakishachemshwa?"

"Yanapoa."

"Sasa si ungeyaacha tu yalivyokuwa!"

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Chupa ya kwanza wakainywa kwa zamu. Ya pili wakanawia mikono, kwa sababu, kama alivyoeleza mmoja wao kwa upole, maji safi kiasi kile yasiponawiwa ni israfu. Mimi nilicheka pia, kicheko cha kulipa kodi. Kisha wakanipa matango mawili, mabichi, yana nywele nywele zake za shambani.

"Haya ndiyo maji," akasema yule mama. "Nenda, baba. Yule mwanamke wako anakungoja."

Sikuwa nimewaambia habari ya mwanamke. Nafikiri mwanamume mwenye uso kama wangu siku ile hakuhitaji kusema.

Vingunguti hadi Kinyerezi

Nilipopotea machoni mwao niliyaweka yale matango juu ya kichuguu, moja moja, kwa heshima, nikaendelea na safari yangu. Sikutaka kuumwa tumbo kabla ya shauri.

Ilipofika saa tano nikasikia njaa, nikakaa, nikala biskuti na ng'onda. Ndugu zangu, kama mna adui, mpeni biskuti na ng'onda saa tano ya Januari, kisha mfiche maji. Ulimi ulikuwa kipande cha gunia. Nilijaribu kumeza mate, nikakuta ghala tupu. Nilitembea kidogo, nikasimama, nikafikiri sana juu ya matango. Mwisho nikageuka, nikarudi kuyafuata.

Nilimkuta tumbili amekaa juu ya kichuguu changu, anamalizia tango la pili kwa utulivu wa mtu aliye likizo. Alinitazama, akatupa kikonyo, akaondoka. Tangu siku hiyo nina hesabu mbili na wanyama: mbuzi walikula tikiti langu, tumbili kala matango yangu, na wote walikuwa na afya njema kuliko mimi.

Sasa nilikuwa nimeipoteza saa nzima kwa kwenda na kurudi. Jua lilikuwa kali, njia ya mchanga, na miguu ikaanza kwenda inakotaka. Nikauona mkorosho, nikaenda kuuegemea, nikateleza mpaka chini. Nakumbuka niliwaza: Jumamosi jua litafika utosini, na mimi nitakuwa bado hapa, na Mwanaidi atadhani sikutaka kuja. Hilo liliniuma kuliko kiu.

Upande wa pili wa shina alikuwepo mtu. Alikuwa Mmakonde wa kusini, ana chale usoni, anachonga mpini wa jembe. Alichungulia.

"Weye unaumwa?"

"Hapana. Nina kiu."

"Una kiu, umekaa chini ya maji?"

Akaelekeza kisu juu. Mkorosho ulikuwa na mabibo ya mwisho mwisho wa msimu, manjano na mekundu. Akaangua matatu, akanipa. Nami, ndugu zangu, nikiwa katika hali ile, mgongo chini na roho mkononi, nilimwuliza yule bwana kama yameoshwa.

Alilitazama bibo. Akalitazama anga. "Yalioshwa na mvua mwezi uliopita," akasema.

Nikala. Bibo hukwaruza koo kidogo, halafu hufungua maji yake yote kwa mpigo mmoja, yakatiririka kidevuni mpaka kifuani. Nililia kidogo, nikasingizia ukali wa tunda. La kwanza lilirudisha ulimi, la pili lilirudisha macho, la tatu lilirudisha adabu nikakumbuka kusema ahsante. Doa lake liko kwenye shati langu la kazini mpaka leo. Mliodhani ni wino, sasa mmejua.

Kinyerezi

Kwa Mzee Mfaume nilifika alasiri. Ni mtu mfupi, mwenye ndevu anazozitunza kuliko mbuzi wake, na maneno mengi. Nilipiga shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama lile doa.

"Umechinjwa?"

"Mabibo, mzee."

"Afadhali. Nilidhani umetangulia Madale."

Mkewe, Bi Tausi, alikuwa amepika. Palikuwa na mchicha wa nazi, boga la kuchemsha, ugali, na sahani ya matango yaliyokatwa yamenyunyizwa ndimu na chumvi kidogo. Mtu yeyote mwenye akili, aliyeokolewa na mabibo saa mbili zilizopita, angenawa akala. Lakini kitako kikishapata kiti na kichwa kikipoa, ujinga hurudi mahali pake. Nikasema kwa lugha yangu ya ofisini, "Samahani, naomba maji yaliyochemshwa tu. Nina biskuti zangu."

Bi Tausi akaivuta sahani upande wake. Mzee Mfaume akanitazama muda mrefu, akishika ndevu.

"Kasim," akaniita, "sheria ya Madale unaijua?"

"Sheria gani, mzee?"

"Kule ni vilimani. Kisima kiko bondeni. Maji hupanda mlima kichwani mwa mtu. Kwa hiyo mume aliyekosa hagusi maji ya wakwe mpaka shauri liishe. Hata akipewa. Akigusa tu, kesi imekwisha, mke amepotea."

"Shauri lenyewe huchukua muda gani?"

"La binamu yangu lilianza asubuhi, likaisha jua linazama. Watu wa Madale hawana haraka."

Nikahesabu jua, nikahesabu saa. "Mtu anakaaje kutwa nzima bila maji katika joto hili?"

"Anakwenda nayo tumboni. Tena si ya kunywa. Maji ya kunywa ni mgeni, hupita. Maji ya kula ni mkwe, hukaa." Akaisukuma ile sahani ya matango mpaka gotini kwangu. "Una siku mbili za kuyala. Anza."

Uso wake haukuwa na hata chembe ya mzaha. Nilipaswa kukumbuka kwamba na yeye ni Mzaramo, na mimi ni Mnyamwezi, na kwamba mtani akiwa hacheki ndipo pa kumwogopa. Sikukumbuka. Nilikuwa na hofu ya kumkosa Mwanaidi, na hofu ile ilinifanya nitii kama mtoto wa chuoni.

Nikala tango. Nikala boga. Nikala mchicha nikaukomba mchuzi wake kwa kidole. Vilikuwa vitamu, nami nikakasirika kwamba ni vitamu, kwa sababu chakula hicho hicho Mwanaidi alikuwa anakipika kila siku jikoni kwangu, hatua sita kutoka nilipokuwa nikitafuna biskuti. Bi Tausi akaniongeza bila kuombwa.

Kinyerezi hadi Kimara

Ijumaa tulitakiwa kuondoka alfajiri. Hatukuondoka. Mzee Mfaume alikuwa amefua kanzu yake, naye akashikilia kwamba mshenga hawezi kwenda kwenye shauri na kanzu yenye unyevu. Katika joto lile kanzu ilikauka kabla hajamaliza kusema. Kisha akaikuta na mkunjo. Ikatafutwa pasi ya mkaa kwa majirani. Mwenye pasi alikuwa shambani. Aliporudi, mkaa haukuwepo. Nilizunguka ua ule mara nyingi nikilitazama jua, na kila nilipopita Bi Tausi alinipa kitu cha kutafuna: kipande cha muwa, kipande cha papai, kipande cha tango.

"Kula, mwanangu," alisema. "Usimngoje huyu kwa tumbo tupu. Mie nimemngoja miaka thelathini."

Tulipotoka hatimaye, nilitembea kama mtu aliyeajiriwa kula. Kila penye mti wa matunda mshenga wangu alisimama. Kila penye ua wenye mboga aliita hodi. Nilikunywa dafu nikala na nyama yake. Nilikula papai lililokuwa limeiva mno upande mmoja. Kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza juisi ya ukwaju chini ya kibanda cha makuti, nililitwaa bakuli, nikaomba na tango la kutafunia. Yule mama akanitazama tumbo, akamwinamia Mzee Mfaume.

"Mgeni wako ana mimba?"

"Ya shauri," akajibu Mzee Mfaume. "Atajifungua kesho."

Kimara tuliwahi swala ya Ijumaa kwa bahati. Nakiri kwamba nilitawadha mara tatu kwa swala moja, na waumini waliokuwa safu ya nyuma walinifungulia njia kwa huruma. Lakini lazima niseme na upande wa pili. Kichwa hakikuuma. Adhuhuri ya Januari, nimetembea tangu Kinyerezi, na kichwa changu kilikuwa chepesi kama kimeazimwa. Nilikaa kivulini baada ya swala nikajishika paji la uso, nikitafuta maumivu yangu ya kila siku, sikuyapata. Nikajisikia mjinga. Hiyo ni hisia ya ajabu kwa karani, hasa msikitini.

Kimara hadi Madale

Tulilala Goba kwa mpwa wake Mzee Mfaume. Jumamosi asubuhi nikanywa uji mwepesi wa mtama uliotiwa ndimu, nikala matango mawili na nusu, nikasema bismillahi, tukaanza kupanda.

Njia ya kwenda Madale ni kilima baada ya kilima, na kila kimoja kinakudanganya kwamba ndicho cha mwisho. Tulipishana na wanawake wanapanda kutoka bondeni na madebe ya maji vichwani. Hawakuyashika kwa mikono. Walitembea shingo wima, na hakuna tone lililodondoka. Mzee Mfaume aliwasalimu mmoja mmoja. Mimi niliwatazama, nikawapisha, nikaendelea kukariri hotuba yangu ya kuomba radhi, ambayo nilikuwa nimeiandaa katika aya tano.

Saa nne na nusu tukafika. Jua lilikuwa bado halijafika utosini, nami nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Barazani

Baba mkwe, Mzee Salum, alikuwa amekaa na wazee wawili. Tukapiga shikamoo, tukaonyeshwa jamvi. Mama mkwe alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango, maana kwa desturi yao mama mkwe na mkwe hawatazamani wala hawasemezani ana kwa ana. Pazia lilikuwa karibu nami kiasi kwamba nilisikia bangili zake.

Kabla ya neno lolote akatoka shemeji yangu Zuhura na kata ya maji. Akapiga magoti, akaninyooshea. Maji yalikuwa ya mtungini, unauona ubaridi wake kwa macho.

"Ahsante, shemeji," nikasema. "Niwie radhi, sitakunywa."

Wazee wakatazamana. Shauri likaanza. Mzee Mfaume alisema, wazee wakasema, nami nikatoa aya yangu ya kwanza. Nilikuwa naiona hali ya hewa inabadilika, lakini sikujua upepo unatoka wapi. Zuhura akaja tena na kata. Nikakataa tena, kwa unyenyekevu zaidi. Mzee mmoja akasafisha koo kwa muda mrefu usio wa lazima.

Mara ya tatu akaja Mwanaidi mwenyewe.

Nilikuwa sijamwona kwa siku kumi na nne. Alikuwa amekonda kidogo. Akapiga magoti mbele yangu, kata mikononi, akanitazama machoni. Nilielewa kwamba nimejaribiwa kwa jaribio kubwa la mwisho, na kwamba mume mwenye mapenzi ya kweli atashinda. Nikashinda.

"Sinywi," nikasema.

Hakuyamwaga. Madale maji hayamwagwi. Aliinuka akayarudisha ndani, na nikasikia yakirudi mtungini.

Mzee Salum akajipangusa uso kwa kiganja. "Basi," akasema. "Tumeona wote. Tikiti la mkwewe alitupia mbuzi. Leo maji yaliyopanda mlima kwa kichwa cha mwanangu anayakataa mara tatu, mbele ya wazee. Sie tuna uchafu gani, bwana? Mfaume, mchukue mtu wako. Nyie nendeni, mie nakwenda kwa liwali."

"Baba!" nikapiga kelele. "Mie nafuata sheria yenu!"

"Sheria gani?"

"Ya mume aliyekosa. Kwamba hagusi maji ya wakwe mpaka shauri liishe!"

Mzee mmoja akamwuliza mwenzake kama anaijua sheria hiyo. Mwenzake akasema amezaliwa hapo, amezeekea hapo, leo ndiyo anaisikia. Kisha wote kwa pamoja wakageuka kumtazama Mzee Mfaume.

Mzee Mfaume aliivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Ule ulikuwa utani," akasema.

"Utani!"

"Alikuja kwangu hataki kula chakula cha mke wangu. Nikasema, huyu nikimleta Madale hivi hivi ataniaibishia ndevu. Nikamtungia sheria ili ale. Akala! Muulizeni Tausi! Nilitaka nimwambie kweli Goba, lakini nikapitiwa. Nilikuwa na mawazo ya kanzu."

Baba mkwe alijizuia, akajizuia, akashindwa. Wakacheka wazee wote watatu, wakapigana mapaja, na nyuma ya pazia bangili zikalia. Zuhura akakimbia uani. Mimi nikacheka nao, na nikajisemea, alhamdulillahi, imekwisha. Mzee Salum akapaza sauti yaletwe yale maji. Nikayapokea kwa mikono miwili, nikayanywa yote. Hayakuwa yamechemshwa.

Mwanaidi alikuwa amesimama mlangoni. Yeye peke yake hakucheka.

"Mmemaliza?" akauliza. "Sasa mie nina swali moja. Umepita wapi kuja?"

"Vingunguti," nikasema. "Kinyerezi. Kimara. Goba."

"Kiu ilikushika wapi?"

"Kila mahali."

"Ulifanyaje?"

Nikawaambia habari ya chupa, ya tumbili, ya mabibo, ya kibanda cha ukwaju. Wazee walitaka kuanza kucheka tena. Mwanaidi akangoja mpaka nimalize.

"Mama yangu alikuja kwako kwa njia hiyo hiyo ya Goba na Kimara," akasema. "Kwa miguu, kama weye, katika jua hilo hilo. Alikuwa na tikiti kichwani. Muulize yeye alikunywa nini."

Nikageukia pazia. Kumuuliza siruhusiwi. Zile aya zangu nne zilizobaki sijui zilikwenda wapi.

Pazia likatikisika kidogo. Mama mkwe alisema na binti yake, kwa sauti ya kunifikia.

"Mwanaidi, mwambie mumeo kwamba pale Kimara nilizidiwa. Nilikaa chini, nikalitua, nikatoa kisu. Halafu nikasema, hapana. Mwanangu yule anashinda ofisini katika joto, akirudi atakuwa na kiu kunizidi mie. Nikalibeba."

Nililia, ndugu zangu. Nililia barazani kwa wakwe, mchana, mbele ya wazee, bila kusingizia ukali wa tunda lolote. Mzee Mfaume, mtani wangu, aliyekuwa hajanyamaza tangu Kinyerezi, aliinamisha kichwa akashika fimbo yake kwa mikono miwili. Nikasema, "Mama, nisamehe," moja kwa moja kwenye pazia, sikupitisha kwa mtu. Hakuna aliyenikosoa.

Mwanaidi akaingia ndani. Nilimsikia akimwuliza mama yake kikapu chake, kile alichotoka nacho Temeke, kiko wapi apakie nguo.